Diski moja ya seva ya nyumbani inachoka: niiandaeje mpya kabla ya kuipachika?

Mkazi wa Nyegezi aliuliza:

Habari za kazi, ndugu wanajukwaa. Ninaishi Nyegezi, na sebuleni kwangu, chini ya meza ya televisheni, ipo kompyuta kuukuu niliyoigeuza kuwa seva ya kuhifadhia mafaili ya nyumbani na ya kazi. Mimi na mke wangu tunarekodi video za harusi, sendofu na vipaimara, na wateja wetu wana tabia ya kurudi baada ya miaka miwili wakisema flashi waliyopewa imepotea, kwa hiyo hatufuti kitu. Seva inaendeshwa na Debian, aina ya Linux. Mafaili yamekaa kwenye diski nne za terabaiti 4 kila moja, zilizounganishwa kuwa kundi moja kwa RAID 5 (mpangilio ambao diski moja ikifa, data hukokotolewa kutoka kwa zilizobaki) kupitia mdadm, programu ya Linux ya kusimamia RAID, na mfumo wenyewe umekaa peke yake kwenye SSD ndogo.

Wiki iliyopita, nikihariri video ya harusi iliyofungwa Ilemela, picha ilianza kuganda kila baada ya dakika chache, na ndani ya kasha ikasikika sauti kama ya mtu anayegonga meza kwa kucha. Nilipoendesha smartctl, amri inayosoma SMART, yaani kumbukumbu ya afya ya diski, kwa kila diski, tatu zilikuwa safi, lakini ile iitwayo sdd ilionyesha Reallocated_Sector_Ct 16 (sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizohamishwa kwa ubovu) na Current_Pending_Sector 40 (sekta zinazoshindwa kusomeka). Siku mbili baadaye hiyo 40 ilikuwa imefika 72. Hata hivyo mdadm haijaitoa diski hiyo kwenye kundi. Ukisoma /proc/mdstat, zote nne zinaonekana zimo kazini.

Shemeji yangu amenunua diski mpya Kariakoo, akaituma kwa basi, na sasa ipo mezani ndani ya mfuko wake wa rangi ya fedha. Kijana anayetutengenezea kompyuta anasema nichomoe ya zamani, nichomeke mpya, nikalale, na asubuhi nitakuta kila kitu kimejijenga chenyewe. Mimi nasita. Sijui kama diski hii ni mpya kweli au imesafishwa tu, sijui namna ya kuipima bila kuidhuru, na umeme wa mtaani kwetu wiki hizi haukai siku tatu bila kukatika. Ikiwa inasaidia, bodi ya kompyuta ina matundu sita ya kuchomekea diski (SATA) na moja liko wazi.

Fundi wa Igoma alijibu:

Ndugu yangu, umefanya vema kusita. Usichomoe chochote leo, kwa sababu diski inayougua lakini bado inasomeka ina faida kubwa kuliko pengo. RAID 5 huvumilia kukosa diski moja tu, na ukiichomoa sdd utakuwa umeumaliza uvumilivu huo kwa mkono wako mwenyewe, huku zile tatu zinazobaki zikitakiwa kusomwa mwanzo hadi mwisho bila kukosa hata sekta moja. Watengenezaji wa diski nyingi za kawaida huahidi kosa la kusoma lisilozidi moja katika biti trilioni 100, yaani terabaiti 12.5, na kujenga upya kutoka kwenye diski zako tatu ni kusoma terabaiti 12. Sisemi kwamba kosa hilo lazima litokee, maana diski nyingi hufanya vizuri kuliko ahadi ya karatasi, lakini sioni sababu ya kulijaribu wakati tundu la sita liko wazi.

Kabla ya kuigusa diski mpya, nakili kwenye diski ya nje zile video ambazo hazipo mahali pengine popote, ukianza na za mwaka huu. RAID itakufaa diski inapokufa. Haitakufaa radi ikipiga, mwizi akiingia, au wewe mwenyewe ukifuta folda isiyo yake. Fanya hivyo upesi pia, kwa sababu wahandisi wa Google waliochunguza diski zaidi ya laki moja na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007 waliona kwamba diski ikishaonyesha kosa lake la kwanza la ukaguzi, uwezekano wake wa kufa ndani ya siku 60 huwa mara 39 ya ule wa diski isiyo na kosa hilo.

Sasa diski mpya. Izime seva, ichomeke diski kwenye tundu la sita, iwashe, kisha uisome kabla ya kuiandikia. Amri ya `smartctl -i` itakupa jina la modeli, namba ya usajili na ukubwa. Linganisha namba hiyo na ile iliyochapwa kwenye karatasi ya diski, kisha angalia ukubwa kwa baiti. Diski za terabaiti 4 kwa kawaida huwa na baiti 4,000,787,030,016, na ikiwa yako imepungua hata kidogo chini ya zile za zamani, mdadm inaweza kuikataa, jambo ambalo ni afadhali ulijue leo kuliko saa nane usiku.

Kisha endesha `smartctl -a` na usome Power_On_Hours, yaani saa ambazo diski imewashwa. Diski mpya huwa na saa sifuri au chache sana. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo hufutika: mwanzoni mwa mwaka 2025 kulizuka habari Ujerumani za diski za Seagate zilizotumika maelfu ya saa kisha kuuzwa madukani kama mpya, SMART yake ikiwa imerudishwa sifuri. Kilichowaumbua wauzaji ni kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo haikuwa imeguswa. Kama diski yako ni Seagate, na smartmontools yako (furushi lenye smartctl) ni toleo la 7.4 au jipya zaidi, andika `smartctl -l farm` na ulinganishe saa za pande zote mbili. Zikitofautiana sana, shemeji ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na airudishe dukani kabla risiti haijapauka.

Tafuta pia, kwenye waraka wa mtengenezaji wa modeli hiyo, kama diski inaandika kwa CMR au SMR. Katika CMR mistari ya data hukaa kando kwa kando. Katika SMR hulaliana kama mabati ya paa, hivyo kuubadilisha mmoja wa chini hulazimu kuandika upya na ile iliyoulalia. Kwa kutunza picha za sikukuu huoni tofauti, lakini RAID inapojengwa upya huandika mfululizo kwa saa nyingi, na diski ya SMR hupunguza mwendo hadi mfumo ukaidhania imekufa. Mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya diski zake za jina Red, za terabaiti 2 hadi 6, zilikuwa za SMR, ingawa ziliuzwa mahususi kwa seva za nyumbani. Tangu hapo mimi sinunui kwa kuangalia rangi ya karatasi.

Ukiridhika, anza na jaribio fupi, `smartctl -t short`, linalochukua dakika mbili hivi, kisha jaribio refu, `smartctl -t long`, ambalo kwa diski ya ukubwa huo huchukua saa saba hadi kumi. Baada ya hapo endesha `badblocks -b 4096 -wsv` juu ya diski mpya. Hiyo huandika diski nzima kwa mpangilio mmoja wa biti, ikasoma ilichoandika, ikarudia kwa mipangilio minne. Inafuta kila kitu kilichomo, kwa hiyo hakikisha mara tatu jina la diski unayoilenga. Ukimaliza, rudia jaribio refu na usome SMART tena: namba 5, 197 na 198 (sekta zilizohamishwa, zinazosubiri na zisizosomeka) zote zibaki sifuri. Kwa diski mpya hata sekta moja iliyohamishwa inatosha kuirudisha dukani, na hapo usikubali kuambiwa kwamba ni kawaida.

Dada wa Kirumba alijibu:

Kaka wa Nyegezi, fundi wetu amesema kweli tupu, lakini hapo kwenye badblocks naomba nimpinge kidogo, kwa sababu anapiga hesabu kama mtu asiyekatikiwa umeme. Chukua mwendo wa wastani wa megabaiti 150 kwa sekunde: kuandika terabaiti 4 ni zaidi ya saa saba, kusoma ni saa saba nyingine, na kurudia mara nne kunakupeleka kwenye saa 59 hivi. Wewe mwenyewe umesema huko kwenu siku tatu hazipiti.

Mimi nilijaribu hivyo mwaka juzi. Siku ya pili jioni, katikati ya mpangilio wa tatu, nyumba nzima ikawa giza, na wala haikuwa hitilafu ya mtu: uniti za LUKU zilikuwa zimekwisha na mimi niko sokoni Mwaloni. Niliporudi na kuwasha seva, nikapandisha amri ile ile iliyokuwa kwenye historia ya dirisha la kuandikia amri, kidole tayari kimeshaigusa Enter. Kitu kikanituma niangalie kwanza. Herufi zilikuwa zimebadilika baada ya kuwasha. Diski iliyokuwa sdf sasa ilikuwa sdb, na hiyo sdf ya sasa ilikuwa na mafaili yangu yote ya mirathi ya baba, hati za kiwanja zikiwemo. Kwa kawaida badblocks hukataa kuandika juu ya diski inayotumika, lakini siku ile kundi la RAID lilikuwa halijapanda, hivyo hapakuwa na kizuizi chochote kati ya kidole changu na hati zile.

Tangu siku hiyo sitaji tena sdb wala sdf ninapoandika juu ya diski. Natumia majina yaliyomo kwenye `/dev/disk/by-id/`, ambayo yana modeli na namba ya usajili ndani yake, na hayabadiliki hata ukihamisha waya.

Kuhusu mipangilio minne, kwa diski ya nyumbani mmoja unatosha: `badblocks -b 4096 -wsv -t 0x00`, yaani saa 15 hivi, kisha jaribio refu. Ukikatikiwa katikati huna haja ya kuanza upya, kwa sababu badblocks hupokea namba ya bloku ya mwisho na ya kwanza, ya mwisho ikitangulia, kwa hiyo unaweza kuendelea karibu na pale ulipoachia ikiwa umekuwa ukiandika maendeleo kando. Jaribio refu la SMART, kinyume chake, likikatwa na umeme huandikwa kwamba limekatizwa na inabidi ulianze tena.

UPS, yaani betri ya akiba ya kompyuta, ni ya lazima, ila usitarajie ikubebe usiku kucha. Kompyuta yenye diski tano hula wati 70 au 80, na UPS ndogo ya dukani huishikilia dakika kumi hadi ishirini. Kazi yake ni kukupa muda wa kuzima kwa utaratibu, na programu ya NUT inaweza kuzima badala yako ukiwa umelala. Tena jaza LUKU kabla hujaanza.

Mwisho, fungua kasha uangalie feni. Sisi wa kandokando ya ziwa tunawajua wale wadudu wanaopanda kutoka majini kama moshi mweusi. Usiku mmoja wa taa kuwaka na dirisha wazi unatosha. Nilipofungua kasha langu nilikuta wamejazana kwenye wavu wa feni, wamekauka na kunuka kama dagaa. Baada ya kusafisha kwa brashi ya rangi, joto la diski lilishuka kutoka nyuzi 51 hadi 39. Jaribio la saa 15 ndani ya kasha lililozibwa vile litakuua diski mpya kabla hujaitumia.

Fundi wa Igoma alijibu:

Dada, kwa hoja ya umeme nakubali. Mpangilio mmoja pamoja na jaribio refu ni bora kuliko minne isiyokamilika. Niongeze tu kwamba usafi wa SMART si hati ya kinga: katika utafiti ule ule wa Google, zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa na hesabu yoyote katika vipimo vinne vinavyoaminika zaidi. Tunazipima ili kuzikamata zile zinazofika kwetu tayari zimevunjika, na kwa diski iliyorushwa buti la basi kutoka Dar es Salaam hilo si dogo.

Mzee wa Nansio alijibu:

Wanangu, mimi niko Ukerewe na seva yangu ni ya ZFS, mfumo mwingine wa kuunganisha diski, kwa hiyo amri za mdadm nawaachia ninyi. Kuna jambo moja dogo lililonipotezea wiki nzima na huenda likampata mwingine. Niliwahi kununua diski iliyotolewa ndani ya kasha la diski ya nje, na kila nikiichomeka haizunguki kabisa, wala haionekani. Nikaamini imekufa. Kumbe diski za aina hiyo hutumia kanuni mpya ya SATA ambamo pini ya tatu ya umeme, ikipokea volti 3.3, huiambia diski ijizime, na pawa saplai yangu ya zamani ilikuwa ikiipelekea volti hizo muda wote. Niliifunika pini hiyo kwa kipande chembamba cha utepe usiopitisha umeme, ikawaka. Mwenye diski isiyozunguka aangalie hapo kabla ya kupanda boti kuirudisha.

Mkazi wa Nyegezi aliandika:

Nawashukuru sana, na Mzee shikamoo. Nimetumia siku nne na haya ndiyo matokeo. Video za miaka miwili zimeshanakiliwa kwenye diski ya nje, na diski hiyo sasa ipo kwa dada yangu Buhongwa. Kabla ya majaribio diski mpya ilikuwa na saa 2 kwenye SMART na FARM ilikubaliana nayo, waraka wa mtengenezaji unasema ni CMR, na ukubwa ni baiti zile zile za wenzake. Mpangilio mmoja wa badblocks umemalizika bila kosa, jaribio refu limepita, na namba 5, 197 na 198 zimebaki sifuri.

Kilichonitia wasiwasi ni namba 199, UDMA_CRC_Error_Count, iliyopanda hadi 31 wakati wa kuandika. Je, niirudishe? Na kama siyo, naipachikaje huku ile inayougua ikiwa bado imo ndani?

Fundi wa Igoma alijibu:

Usiirudishe bado. Namba 199 huhesabu data iliyoharibika njiani kati ya diski na bodi, na mara nyingi mwenye kosa ni waya. Badilisha waya wa SATA, andika gigabaiti mia hivi, na ikiwa 31 imebaki 31 basi umemalizana nayo. Hesabu hiyo haishuki, inatakiwa tu isipande.

Kabla ya kupachika, endesha jaribio refu kwa zile diski tatu zisizo na ugonjwa pia, kwa kuwa zina umri mmoja na mgonjwa. Angalia vilevile `smartctl -l scterc` kwa kila diski. Diski za seva hukata tamaa ya kusoma sekta mbovu baada ya sekunde 7, lakini za kompyuta za kawaida huweza kung'ang'ana dakika nzima au zaidi, wakati Linux hungoja sekunde 30 tu kisha ikaanza kuisukasuka. Kama diski inakubali, weka `smartctl -l scterc,70,70`. Kama haikubali, ongeza namba iliyomo kwenye `/sys/block/sdX/device/timeout` hadi 180.

Sasa patisheni, yaani vigawanyo vya diski, na hapa ndipo ninapokuomba uzime redio. Amri ya kunakili jedwali la patisheni ni `sgdisk -R=/dev/MPYA /dev/NZIMA`, yaani diski mpya inatangulia baada ya R na ile unayonakili kutoka kwake inafuata mwishoni. Ukizigeuza, unalifuta jedwali la diski isiyo na ugonjwa kwa kulipaka utupu wa ile mpya. Iandike kwenye karatasi, usome namba za usajili, kisha ndipo uiandike kwenye kompyuta. Ifuate na `sgdisk -G /dev/MPYA` ili diski mpya ipate utambulisho wake yenyewe.

Baada ya hapo ingiza patisheni mpya kwa `mdadm /dev/md0 --add`, nayo itakaa kama akiba. Kisha toa amri ya `mdadm /dev/md0 --replace` ukitaja patisheni ya mgonjwa, `--with` ukitaja mpya. Hapo mdadm hunakili moja kwa moja kutoka sdd, na pale inapokuta sekta isiyosomeka huikokotoa kutoka kwa zile tatu. Mgonjwa habanduki hadi mrithi wake akamilike, ndipo huwekewa alama ya F (mbovu) nawe ukaitoa kwa `--remove`. Umeme ukikatika na seva ikazimwa kwa utaratibu, kazi huendelea ilipoishia.

Dada wa Kirumba alijibu:

Na wakati wa kuichomoa, usihesabu matundu kwa macho. Soma namba ya usajili, kwa sababu watu wengi wamechomoa diski nzima na kuiacha mbovu. Ukiishaipata, ifute kabisa kabla ya kumpa mtu yeyote wa vyuma chakavu; humo mna harusi za watu.

Jambo jingine, kaka: ulijua diski inaumwa kwa sababu video iliganda. Je, barua za tahadhari zinafanya kazi? Jaribu `mdadm --monitor --scan --test --oneshot` uone kama kitu kinafika.

Mkazi wa Nyegezi aliandika:

Waya ulikuwa ndio mwenye kosa. 199 imesimama kwenye 31. Kunakili kulichukua saa tisa na nusu, kwa sababu ilipofika asilimia 61 mwendo ulishuka hadi megabaiti 4 kwa sekunde na kukaa hapo karibu saa nzima, kisha ukapanda tena. Nadhani hapo ndipo zilipokuwa zile sekta 72. Umeme ulikatika mara moja, dakika sita, UPS ikabeba.

Nilipofungua kasha nikakuta karatasi za namba zote zimeelekea chini, kwa hiyo nilifungua skrubu za diski zote nne, na sasa kila moja ina tarakimu nne za mwisho za namba yake kwenye plasta ya hospitali iliyobandikwa ubavuni, maandishi yakitazama nje.

Barua ya majaribio ya mdadm imefika. Ilikuwa kwenye barua taka, pamoja na nyingine tatu za smartd, programu inayofuatilia SMART yenyewe, za tangu mwezi jana, zote zikiitaja sdd.